Intakula ya mbele kwenye Forester ya tabo: joto la injini linapanda nikiwa barabara kuu, nianzie wapi?

Boksa_Mbili:

Habari zenu, wakuu. Naomba msaada katika jambo linalonisumbua kwa wiki ya tatu sasa, na nitaeleza kila nilichokifanya, hata yale ninayoona aibu kuyasema, ili atakayejibu asilazimike kubahatisha.

Gari ni Subaru Forester yenye injini ya EJ20 ya tabo (pampu inayozungushwa na moshi wa ekzosi na kuisukumia injini hewa) na gia za mkono. Intakula yake ya kiwandani, yaani kipoza cha hewa inayotoka kwenye tabo kabla haijaingia kwenye injini, ilikuwa imelazwa juu ya injini, chini ya mdomo wa boneti, na kero yangu ilikuwa moja tu: nikikaa kwenye foleni, intakula hiyo ilipata moto hadi haishikiki kwa mkono, na foleni ikiachia gari lilikuwa zito kama limepakia mawe, mpaka litembee kidogo ndipo nguvu zirudi. Nikanunua intakula kubwa ya kufunga mbele, nyuma ya bampa, ile nzito iliyoundwa kwa tabaka za sahani na nondo za alumini, yenye unene wa milimita 76, pamoja na mabomba ya milimita 63 na mipira yake ya silikoni.

Kazi niliifanya mwenyewe kwa siku mbili. Ili mabomba yapite, niliondoa kifuniko cha plastiki kilichokuwa juu ya rejeta, nikaondoa pia vile vibao viwili vya plastiki vya pembeni, na sahani ya chini ya injini sijairudisha kwa sababu bomba moja linaigusa. Ile valvu ya kiwandani iliyokuwa inarudisha hewa kwenye njia ya kuingilia tabo nimeibadilisha kwa inayotoa hewa nje, kwa kuwa ndiyo iliyokuja kwenye boksi.

Sasa hali iko hivi. Kwenye foleni na mwendo mdogo, joto la maji linasomeka kati ya nyuzi 88 na 92, kama zamani. Nikiwa tambarare kwa kilomita 110 kwa saa linapanda taratibu hadi 99 au 100, ambako zamani halikufika. Kwenye mlima mrefu, gia ya tatu, baada ya dakika sita hivi lilifika 106, nikapunguza mwendo na kufungulia hita hadi mwisho, likashuka. Mshale wa kwenye dashibodi wakati wote huo ulikuwa umetulia katikati, na bila kifaa cha kusomea kompyuta nisingejua chochote.

Jambo la pili, kifaa hicho hicho kinaonyesha joto la hewa inayoingia kuwa sawasawa na lilivyokuwa kabla ya kubadilisha, kwa hiyo najiuliza kama intakula mpya inafanya kazi yoyote. Jambo la tatu, nikibadilisha gia gari linatoa moshi mweusi na harufu ya petroli, na nikikaribia makutano mzunguko wa injini unashuka hadi karibu kuzima.

Kiwango cha maji hakipungui, na sijaona oili kwenye maji wala maji kwenye oili. Fundi mmoja ameniambia ninunue rejeta kubwa ya alumini. Kabla sijatumia fedha nyingine, naomba mawazo yenu.

Spana_Kumi:

Mkuu, mimi ningetoa thamostati (ule mlango unaofunguka kwa joto ili maji yaende kwenye rejeta) kabisa ili maji yazunguke muda wote, kisha ningeweka kifuniko cha rejeta chenye presha kubwa zaidi. Nimeliona hilo likisaidia kwenye magari mengi yanayochemka, na halichukui hata saa moja.

Fundi_wa_Zamu:

Ndugu Boksa_Mbili, ahsante kwa kueleza kwa kirefu, kwa sababu maelezo yako yenyewe yamebeba sehemu kubwa ya jibu. Naomba kwanza nitofautiane kwa heshima na ndugu Spana_Kumi. Thamostati ya injini hii huanza kufunguka karibu na nyuzi 78 na huwa imefunguka yote ifikapo 91, maana yake ni kwamba maji yalipofika 106 mlango ulikuwa wazi kitambo, na kuung'oa hakuongezi upana wowote wa maana. Utakachopata ni injini inayochelewa kupata moto asubuhi, oili isiyofika joto lake, na kompyuta inayoendelea kumimina petroli nyingi ikidhani injini bado ni baridi. Kifuniko nacho hakipozi kitu. Kinachofanya ni kuchelewesha kuchemka, na maji yaliyochanganywa nusu kwa nusu na glaikoli (dawa ya rejeta) chini ya kifuniko kizima cha presha ya bari 1.1 hayachemki hadi yapite nyuzi 120, kwa hiyo huko bado hujafika. Isitoshe, gari lako lina vifuniko viwili, kimoja kwenye tangi dogo lililo juu karibu na tabo na kingine kwenye rejeta, na havifanani, kwa hiyo ukivibadilishana mahali utajitengenezea tatizo ambalo hukuwa nalo.

Swali ninalomuuliza kila anayekuja na gari linalopanda joto ni hili: linapanda likiwa limesimama au likiwa linakimbia? Gari lililosimama linategemea feni, kwa hiyo likipata joto kwenye foleni na kupoa barabarani, mshuku feni au umeme wake. Likipoa kwenye foleni na kupata joto barabarani, feni haina kosa, kwa sababu kwa mwendo huo upepo wa barabara unapita nguvu ya feni kwa mbali. Hapo kuna mambo matatu: hewa ya kutosha haipiti kwenye rejeta, maji ya kutosha hayapiti ndani ya rejeta, au injini inatoa joto zaidi kuliko ilivyokuwa. Gari lako ni la kundi hili la pili, na kwa kuwa kabla ya kazi ya siku mbili halikuwa na shida, ningeanza na hewa.

Watu wengi hudhani kwamba intakula ya mbele inapasha moto hewa inayoelekea kwenye rejeta, na kwamba hapo ndipo joto linapotoka. Kuna ukweli ndani yake, lakini tuupime. Injini yako ikitoa nguvu zake zote hunyonya takriban kilo 0.15 za hewa kwa sekunde, na kuipoza hewa hiyo kwa nyuzi 70 ni kutupa joto la kilowati 10 au 11 mbele ya rejeta. Si haba. Lakini ukiwa tambarare kwa kilomita 110, injini inatoa nguvu zisizofika robo ya uwezo wake, tabo haisukumi karibu chochote, na intakula inakuwa kipande cha alumini kilichokaa tu pale mbele, kisichotoa joto la kuhesabika. Hata hivyo maji yako yalipanda hadi 100. Kwa hiyo kinachokusumbua tambarare si joto la intakula, ni mwili wake, pamoja na matundu uliyoyaacha pembeni yake.

Hewa ni mvivu kuliko maji. Ukiiwekea intakula ya milimita 76, kisha kondensa ya kiyoyozi, kisha rejeta, na pembeni ukaiachia nafasi ya vidole vitatu, itapita kwenye vidole vitatu. Vile vibao vya plastiki ulivyoondoa viliwekwa na kiwanda kwa kazi hiyo moja ya kuiziba njia ya mkato, na kifuniko cha juu ya rejeta hakikuwa pambo. Sahani ya chini ndiyo mbaya zaidi kuikosa, na ndiyo ambayo watu huitupa bila kujuta. Hewa hupita kwenye rejeta kwa sababu presha ya mbele yake ni kubwa kuliko ya nyuma yake. Bila sahani, upepo unaopita chini ya gari unapanda ndani ya chumba cha injini na kuijaza sehemu ya nyuma ya rejeta, tofauti ya presha inapungua, na hewa iliyokuwa ipite kwenye mapezi (vile vibati vyembamba vya rejeta) inaona hakuna sababu ya kupita.

Fanya jaribio hili usiku. Mtu mmoja achuchumae mbele ya gari akitazama kupitia uwazi wa bampa, mwingine afungue boneti na kumulika tochi kutoka nyuma ya rejeta, akiizungusha kingo zote nne, juu, chini na pembeni. Kila mahali ambapo wa mbele ataona mwanga mtupu, si ule unaochujwa na mapezi, hewa inatorokea hapo. Weka alama kwa chaki. Nina hakika utashangaa, mimi nilishangaa kwenye gari langu mwenyewe ambalo nilikuwa nimelisifu kwa watu.

Ukishajua matundu, yazibe kwa bati la alumini la milimita moja na sponji ngumu isiyonyonya maji, kuanzia kingo za intakula hadi kingo za rejeta, ili kinachoingia mdomoni mwa bampa kisiwe na pa kwenda ila kwenye mapezi. Acha angalau sentimita mbili au tatu kati ya uso wa nyuma wa intakula na kondensa, kwa sababu sehemu ya rejeta isiyofunikwa na intakula inahitaji hewa isambae kuifikia. Irudishe sahani ya chini hata kama itabidi uikate pale bomba linapogusa, na hapo unapokata acha nafasi, maana injini hutikisika kwenye mipira yake na bomba huenda nayo.

Mambo mengine mawili kabla hujaendelea. Kwanza, chungulia kati ya kondensa na rejeta. Gari lililotumika miaka mingi mara nyingi lina zulia la vumbi, majani na mabawa ya wadudu mahali hapo, lilikuwa linavumilika wakati mbele palikuwa wazi. Litoe kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kuelekea mbele, na usitumie presha kubwa kwa sababu mapezi hulala kama nyasi na hayainuki tena. Pili, kama ulifungua mfumo wa maji wakati wa kazi, hakikisha umetoa hewa yote. Injini ya boksa kama hii yako silinda zake zimelala, na kipovu cha hewa kikikaa vibaya hakitoki chenyewe. Inua gari upande wa mbele, jaza taratibu kupitia lile tangi la juu, hita ikiwa kwenye joto kali, na uiache injini hadi thamostati ifunguke na feni zizunguke mara mbili.

Na kama baada ya hayo yote joto bado linapanda, ndipo tuzungumzie gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake. Dalili zake utaziona kwenye tangi la akiba: mapovu yasiyokoma injini ikikanyagwa, au mipira ya rejeta iliyobaki migumu asubuhi kabla hujawasha gari. Kipo pia kipimo cha dawa ya bluu inayogeuka njano ikinusa moshi wa injini ndani ya maji. Sioni dalili hizo kwako, lakini kipimo hakiumizi.

Bari_Moja:

Fundi_wa_Zamu amemaliza upande wa maji, mimi nitajibu swali la pili na la tatu, ambayo kwa maoni yangu yana jibu linalokaribiana.

Hewa inayobanwa hupata moto, hilo halikwepeki. Tuseme nje kuna nyuzi 30 na tabo inasukuma bari 1 juu ya presha ya kawaida. Tabo iliyo kamilifu kinadharia ingeitoa hewa hiyo ikiwa na nyuzi 96 hivi, lakini tabo halisi yenye ufanisi wa asilimia 70 huitoa ikiwa karibu na 125. Intakula nzuri ikiishusha hadi 50, hewa hiyo hiyo, kwa presha ile ile, inakuwa nzito kwa takriban asilimia 23, na hapo ndipo nguvu zako zinapotoka. Muhimu zaidi ni kwamba petroli inayokutana na hewa ya nyuzi 50 haijilipui yenyewe kwa urahisi kama inayokutana na ya nyuzi 90. Injini ikianza kugonga, kompyuta huchelewesha cheche, na cheche iliyochelewa hupeleka joto jingi kwenye ekzosi na kwenye tabo. Gari zito ulilokuwa unalihisi baada ya foleni ndilo hilo.

Sasa, kwa nini kifaa chako hakioni tofauti? Kwa sababu kinasoma sensa iliyo ndani ya kipima hewa, na kipima hewa cha gari lako kiko mara tu baada ya kichungi, kabla ya tabo. Sensa hiyo inajua joto la hewa kabla haijabanwa, na hata ungeweka intakula ya lori isingejua. Ukitaka kujua intakula inafanya nini, weka sensa nyingine, yenye geji yake, kwenye bomba karibu na throto (mlango wa hewa ya injini unaofunguka ukikanyaga mafuta). Kazi hiyo inahitaji kutoboa na kuchomelea kikalio cha sensa, na bomba litolewe kwanza kwenye gari, tafadhali, kwa sababu vumbi la alumini likiingia kwenye injini halina msamaha.

Kuhusu moshi mweusi: kipima hewa kimeshahesabu kila hewa iliyopita, na kompyuta inamimina petroli kwa hesabu hiyo. Unapoachia mafuta ili ubadilishe gia, valvu yako mpya inaitupa nje hewa iliyokwisha kuhesabiwa, petroli yake inabaki peke yake, na hiyo ndiyo moshi na ndiyo harufu. Ile ya kiwandani ilikuwa inairudisha kwenye njia ya tabo, baada ya kipima hewa, kwa hiyo hesabu haikuharibika. Sauti ya valvu ya nje ni tamu, sikatai, nami niliwahi kuwa nayo, lakini kwenye mfumo wa kipima hewa unalipa utamu huo kwa plagi nyeusi na injini inayotaka kuzima kwenye makutano. Rudisha ya zamani.

Kisha pima uvujaji kabla hujaamini bomba lolote. Toa mpira unaotoka kwenye kipima hewa, ziba mdomo wa kuelekea kwenye tabo kwa kizibo chenye valvu ya tairi, na jaza hewa polepole hadi ifike presha ya kawaida ya tabo yako, si zaidi. Ziba kwanza mipira midogo inayounganisha njia hiyo na kasha la injini, na uache kifuniko cha kujazia oili wazi, la sivyo hewa inaweza kuingia kwenye kasha na kusukuma sili nje. Nyunyiza maji ya sabuni kila kiungo na utazame. Usitegemee masikio peke yake, kiungo kinachovuja kwa bari 1 kinaweza kuwa kimya kabisa injini ikiwa inaunguruma. Na hewa iliyohesabiwa inayotorokea kwenye kiungo ina madhara yale yale ya valvu, ila yenyewe hudumu muda wote unaokanyaga mafuta.

Spana_Kumi:

Nimeelewa kuhusu thamostati, na nayaondoa maneno yangu. Magari niliyoyaona yakisaidika nadhani yalikuwa na thamostati mbovu iliyokwama, ambayo hata kuweka mpya kungetosha. Ila swali: je, rejeta kubwa haina maana kabisa hapa?

Fundi_wa_Zamu:

Ina maana, ila si ya kwanza. Rejeta nene zaidi ni ngumu zaidi kupitisha hewa, na mtu mwenye shida ya hewa akiongeza unene anaongeza shida hiyo hiyo kwa fedha nyingi. Ziba kwanza, pima, halafu uamue. Mtu anayekimbia kwenye mzunguko wa mashindano kwa dakika ishirini mfululizo atahitaji rejeta kubwa na kipoza oili pia, chenye thamostati yake ili oili isibaki baridi. Kwa matumizi ya barabara, oili ikikaa kati ya nyuzi 90 na 110 waache walio na fedha wanunue.

Boksa_Mbili:

Wakuu, nimerudi baada ya siku kumi, na nina mengi ya kuwaeleza.

Nilianza na tochi. Mdogo wangu alimulika, nami nikachuchumaa mbele, na sikuhitaji chaki, kwa sababu upande mzima wa kushoto wa rejeta ulikuwa na ufa wa mwanga tangu juu hadi chini, upana wa kiganja, mahali pale pale nilipoondoa kibao cha plastiki. Juu kulikuwa na uwazi mwingine ambao ungepitisha ngumi. Hewa yote iliyokuwa inagonga intakula na kukataliwa ilikuwa na barabara yake kuu kila upande. Kati ya kondensa na rejeta nilitoa vumbi na majani makavu ya kujaza kopo la rangi la lita moja, na katikati ya uchafu huo kulikuwa na nyuki aliyekauka akiwa mzima kabisa.

Nimetengeneza vibao vya alumini pande mbili na kipande cha juu, kingo zote zimekaliwa na sponji. Kifuniko cha plastiki cha juu kimerudi baada ya kukatwa kidogo. Sahani ya chini nayo imerudi, nimeitoboa nusu duara pale bomba linapopita na kuacha nafasi ya vidole viwili.

Kisha nikapima uvujaji. Nilikuwa na uhakika kwamba viungo vyangu vimekaza, kwa sababu nilivikaza hadi klempu zikauma silikoni. Presha ilipofika bari 0.6 kiungo kilicho chini ya throto kilitoa povu kubwa jeupe lililokuwa linakua na kupasuka, kukua na kupasuka. Nilipotoa mpira niliona kwamba mwisho wa bomba lile ulikuwa laini kabisa, bila ule ukingo ulioinuka ambao mabomba mengine yanao, na klempu ilikuwa imekaa milimita chache tu kutoka mdomoni. Nimelipeleka bomba kwa mchomeleaji, akaliwekea mstari wa alumini kuzunguka mdomo, nikapangusa oili kwa kitambaa chenye kiyeyusho, nikarudisha mpira ukiwa mkavu, na sasa linashika bari 1 bila povu hata moja. Kikalio cha sensa kilichomelewa siku hiyo hiyo.

Valvu ya zamani imerudi. Moshi umekwisha, na kwenye makutano injini inatulia kama saa.

Matokeo, barabara ile ile na mlima ule ule, joto la nje likiwa nyuzi 27: tambarare kwa kilomita 110 maji yanasomeka kati ya 89 na 91. Mlimani yalifika 96 na kukaa hapo hadi kileleni, kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Nilipokiwasha kiyoyozi safari ya pili yalifika 99. Hewa karibu na throto ilikuwa nyuzi 44 nilipofika juu. Sijanunua rejeta.

Mdomo_wa_Boneti:

Hongera, lakini niruhusu niwe mkorofi kidogo. Nyuzi 44 tunazilinganisha na nini? Hukupima intakula ya zamani kwa sensa hiyo hiyo, kwa hiyo hujui umepata faida gani. Kwa presha ya kiwandani, intakula ya juu iliyozibwa vizuri sponji yake chini ya boneti, huku plastiki ya kuelekeza upepo ikiwa haijapasuka, inafanya kazi vizuri mara tu gari likianza kutembea, na ina mabomba mafupi ambayo tabo inayajaza haraka. Wengi wanaolalamika joto la foleni wana sponji iliyooza ambayo hawajawahi kuitazama. Kama hukusudii kuongeza presha ya tabo, mimi ningerudisha ya zamani.

Boksa_Mbili:

Hoja yako ni ya haki na imeniuma, kwa sababu nilipoitazama boneti nilikuta sponji ile imebaki vipande vipande. Kosa la kutopima kwanza nalikubali. Ninachoweza kusema ni kwamba baada ya foleni ya nusu saa sensa ilionyesha nyuzi 52, ikashuka hadi 38 ndani ya dakika moja ya kutembea, na ule uzito wa gari sijauhisi tena. Nimepanga kuongeza presha kidogo baadaye, kwa mtaalamu wa kurekebisha kompyuta, ndiyo maana nitabaki nayo.

Bari_Moja:

Ukifika huko, mwambie apime presha pande mbili za intakula kwa wakati mmoja, kabla na baada. Tofauti ya bari 0.07 hadi 0.15 kwa nguvu zote ni ya kawaida, ikipita 0.2 nitaanza kushuku intakula yenyewe au kona kali za mabomba. Tabo inayosukuma dhidi ya kizuizi huzunguka haraka zaidi na kutoa hewa ya moto zaidi, kisha intakula inalazimika kupoza joto ambalo imelisababisha yenyewe. Na usiongeze presha hata kidogo kabla ya marekebisho hayo, kwa kuwa intakula inayopitisha hewa kwa urahisi inaweza kupandisha presha ya ndani ya injini bila wewe kugusa chochote.

Fundi_wa_Zamu:

Swali moja limebaki, na nimelichelewesha makusudi hadi joto litulie. Intakula ya milimita 76 haiingii nyuma ya bampa ya gari hilo kirahisi. Je, ulikata ule mhimili wa chuma ulio nyuma ya bampa, wa kupokea mgongano?

Boksa_Mbili:

Niliukata, mkuu. Nilipunguza kimo chake karibu nusu, sehemu ya katikati. Nilisema mwanzo kwamba kuna niliyoyaonea aibu, hilo sikuliandika.

Fundi_wa_Zamu:

Basi hiyo ndiyo kazi yako ya wiki hii, kabla ya presha na kabla ya kompyuta. Tafuta mhimili mzima kutoka gari lililovunjwa, uurudishe mahali pake, kisha ishushe intakula au tengeneza vishikizo vipya vinavyoiweka chini ya mhimili. Utalazimika kukata plastiki ya bampa kwa ndani na huenda ukahamisha honi, na vibao vyako vya alumini vitahitaji kupimwa upya, lakini plastiki haikulindi na chochote. Ukimaliza, rudia jaribio la tochi, kwa sababu intakula ikishuka sentimita nne, matundu yatakuwa yamehama.

Boksa_Mbili:

Nimeshapata mhimili, umenyooka na hauna kutu. Natoa bampa kesho asubuhi, na mdogo wangu ameshaambiwa achaji tochi.